Tope la Bwawa la Kwanza

Kharumwa,
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Maduhu, Baba Lusia,

Mwangaluka. Sisi huku tunaamka na tunakula, hatuna mgonjwa. Mvua imenyesha mara mbili, ikaona aibu, ikaenda zake. Mkwe wangu Rebeka, yule binti wa Segese ambaye ulikula nyama ya harusi yake mpaka ukalegeza mkanda, amekuja na mikono ya kazi na mdomo mdogo. Nikimsema hanijibu, na mimi sijazoea mtu asiyenijibu. Masele wangu anamwangalia kana kwamba amemwokota njiani. Nimekuwekea michembe ya viazi kwenye kiroba cha bluu, Donatus wa lori atakupa. Akikwambia kilikuwa nusu anakudanganya, nilikijaza kwa mikono yangu.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ninayo. Simu ndiyo iliyonifikisha hapa. Mwezi wa tisa nilikuuliza habari za shamba la baba hapo Nyarugusu, ukasema utaniambia. Mwezi wa kumi ukasema ulishaniambia. Nikisema hukusema, unasingizia mtandao. Kuanzia leo nakuandikia na wewe uniandikie, na kila karatasi yako nitaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na mkataba wetu. Naamini karatasi tu. Namba yako ikiita sipokei, usijichoshe.

Neno lenyewe ni hili. Baba alipofariki tuliandikiana mbele ya mwenyekiti: wewe utalitumia shamba, na chochote kitakachotoka katika ardhi ya Mzee Ndaki ni nusu kwa nusu. Ukafungua mwalo, wachimbaji wakawa wanakuja kuoshea dhahabu yao kwako, nikanyamaza. Sehemu yangu ya ada wanayokulipa unaleta, sikukatalii. Lakini Donatus kila akikupelekea lori la pumba za mpunga anarudi na habari. Anasema umechimba mabwawa matatu. Anasema maji ya kuoshea hayaendi tena kwenye kijito, yanazunguka humo humo ndani ya uzio. Mtu hufungia ng'ombe, hufungia mahindi. Maji machafu unayafungia ya nini?

Na pumba lori zima ni za nini, wakati kuku wako hawazidi sita?

Dada yako,
Melania


Nyarugusu,
3 Desemba 2023

Dada Melania, Mama Masele,

Shikamoo. Michembe imefika, nusu kiroba. Mama Lusia anakusalimia sana, na Lusia anaingia kidato cha tatu Januari huku akiniambia mimi sijui hesabu. Mgongo wangu unanisumbua wakati wa baridi tu. Wabeja kwa kunikumbuka, hata kama umenikumbuka kwa makofi.

Umeuliza juu ya pumba nami nimefurahi, maana hakuna jambo napenda kulisimulia kama hilo. Mchimbaji analeta mawe yake yaliyosagwa kwenye karasha. Tunayamwaga juu ya kialo, ule ubao mrefu uliotandikwa zulia, maji yanapita juu yake, dhahabu kwa uzito wake inang'ang'ania kwenye zulia na mchanga unateremka na maji. Miaka yote maji yale tuliyaachia kijito. Akina mama wa bondeni walichota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, wakanisalimia kwa adabu, na mimi nikaitikia huku naangalia pembeni. Kiangazi kijito kikikauka, nilinunua maji kwa boza kama bwana harusi.

Sasa maji yanaingia bwawa la kwanza, yanatulia, tope linazama. Yanahamia la pili, yanachujwa kwenye kuta za mawe, mchanga na pumba zako ambazo nimezichoma nusu mpaka zikawa mkaa. La tatu nimepanda matete. Kutoka hapo pampu inayarudisha juu ya kialo, na safari inaanza upya. Maji yale yale yanafanya kazi mwezi mzima, naongeza mapipa machache tu kufidia yanayokaushwa na jua. Watu wa mradi waliokuja kunifundisha wanauita uchumi wa mzunguko. Kwao hakuna kinachoitwa taka, kinachotoka huku kinaingia kule. Wiki iliyopita nimeona vitoto vya kambare kwenye kijito, dada. Nilisimama pale kama mjinga nikivihesabu.

Hakuna kitu ninachokificha. Karibu uje uone.

Mdogo wako,
Maduhu


Kharumwa,
9 Januari 2024

Baba Lusia,

Marahaba. Krismasi tulichinja mbuzi, padri akachelewa, nyama haikumsubiri. Masele amenunua plau ya mkono wa pili inayokwenda upande. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Nafurahi kwamba Lusia anakwambia ukweli.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilijivuna kweli, nikamsomea hadi mwenyekiti kile kipande cha kambare. Mara ya nne nikashika kalamu nyekundu ya Masele. Umeandika kurasa mbili juu ya maji, Maduhu, na juu ya tope umeandika maneno mawili: tope linazama. Likishazama linakwenda wapi?

Mimi si mgeni wa mambo haya. Hapa Kharumwa tope hilo wenye mialo wanaliita marudio, na wenye mitambo ya kukamua dhahabu wanakuja kulibeba kwa malori, kwa sababu zulia halikamati dhahabu yote. Zamani hiyo dhahabu iliyoponyoka ilikwenda na kijito, ikawa ya Mungu. Sasa umeizibia njia. Kila punje iliyokosea zulia tangu mwaka jana iko kwenye bwawa lako la kwanza. Na umeandika kwa mkono wako kwamba kwenu hakuna kinachoitwa taka. Basi tope si taka, ni kitu kilichotoka katika ardhi ya Mzee Ndaki. Nataka nusu yangu ya tope. Donatus akileta pumba anarudi lori tupu, alijaze.

Sikusemi vibaya kwa watu. Nakusema kwako.

Melania


Nyarugusu,
22 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Donatus alikuja mara mbili nikawa sijamaliza kuandika. Mama Lusia alikuwa na malaria, amepona. Wageni wamekuwa wengi, wanapiga picha mabwawa, wananipiga na mimi nikiwa nimeshika tete. Mmoja aliniuliza nimepata wapi akili hii, nikasema kwa dada yangu ambaye hamwagi hata maji ya kuoshea mchele. Walicheka wakaandika.

Kuhusu tope: tunalikomba kila bwawa likijaa, tunalitia kwenye viroba, linalala kwenye shimo karibu na uzio chini ya turubai. Halina faida unayoidhania. Siliuzi kwa mtu yeyote, na wenye mitambo wamekuja nikawarudisha, muulize Donatus. Naomba uniamini katika hili moja. Kuna mambo si ya kuandika.

Ada ya miezi miwili nimempa Donatus kwenye bahasha.

Maduhu


Kharumwa,
10 Machi 2024

Maduhu,

Marahaba. Bahasha imefika. Pole kwa Mama Lusia, mpe majani ya mlonge.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba Rebeka ana mimba ya miezi minne. Alinificha mpaka tumbo likamsema. Na sasa udongo umemshika, hali ubuyu wala maembe mabichi, anataka udongo tu. Nimekuta kona ya jiko imebanduliwa kwa kucha kama panya amepita. Nilimgombeza akacheka, kumbe huyu mtoto anaweza kucheka. Sikumkazia sana. Mama naye alikula udongo ulipokuwa tumboni mwake, nakumbuka nilivyokuwa natumwa kuuchimba kwenye kichuguu, na labda ndiyo maana umekua ukipenda tope kiasi hiki.

Tuje kwenye tope. Umewarudisha wenye mitambo? Mtu anayekataa kuuza kitu kisicho na faida sijamwona bado. Kama halina faida ungewapa bure upate nafasi. Umelifunika turubai, umelizungushia uzio, umemkatalia mnunuzi, na dada yako unamwambia kuna mambo si ya kuandika. Yasiyoandikika ni yapi, kama si uzito wa dhahabu?

Nilikubeba mgongoni kutoka Kharumwa mpaka zahanati ulipoumwa surua. Hukuwa na turubai siku hiyo.

Melania


Nyarugusu,
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu anayekuja. Mwambie Rebeka mjomba wake amefurahi mno.

Tope ni mali ya mradi. Ndiyo jibu. Wao ndio wenye kuamua litapelekwa wapi, na mimi sina mamlaka nalo. Usiniulize zaidi.

Tarehe 15 hadi 19 nitakuwa Shinyanga kwenye semina, wamenitaka nikawasimulie wenzangu wa mialo mingine jinsi maji yanavyozunguka. Mwalo nitamwachia Athanas, msimamizi wangu, unamkumbuka, yule mrefu mwaminifu. Pumba zikiwepo mtume Donatus, Athanas atazipokea.

Maduhu


Kharumwa,
19 Mei 2024

Baba Lusia mpendwa,

Marahaba mara kumi. Hapa ni raha tupu. Mahindi yamekauka shambani tunasubiri kuvuna, ng'ombe wananenepa, Rebeka tumbo liko mbele yake kama ngoma. Goti limepona.

Semina ilikuwaje? Walikupa cheti? Mimi wiki ile ile nilimpa Donatus nakala ya mkataba wetu akamwonyeshe Athanas. Athanas ni mwaminifu kweli, umesema sawa. Alisoma pale palipoandikwa "chochote kitakachotoka katika ardhi", akaona sahihi yako, akafungua turubai akahesabu viroba arobaini vya tope, ishirini akavipakia na ishirini akakuachia. Kama hajakwambia, ni kwa sababu nilimsihi asikuharibie furaha ya semina.

Usihangaike kuja kulitafuta. Kwenye viroba lingeonwa na kila mpita njia, kwa hiyo nimeliweka mahali ambapo hata ukiliegemea hutalijua. Limekauka vizuri na halina hata ufa. Likimpata mnunuzi wa kweli nitalibandua. Nitakuletea hesabu kwa maandishi, maana mimi siyo mtu wa mambo yasiyoandikika.

Dada yako anayekupenda,
Melania


Nyarugusu,
27 Mei 2024

Dada Melania,

Shikamoo.

Nilikuja Alhamisi. Ulinichungulia dirishani, nikakuona. Masele alisimama mlangoni na Enock mdogo wake, wamekunja mikono, wapwa zangu hao niliowanunulia viatu vya shule. Nikawaambia tope si zuri, libomoeni. Wakacheka. Enock akasema, "Mjomba, hata sisi tungekuwa wewe tungesema hivyo." Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio, nikameza maneno nikaondoka. Ni aibu yangu ya pili. Ya kwanza naiandika sasa, kwa sababu umesema unaamini karatasi tu.

Limekauka na halina ufa, umeandika. Mimi nimekulia nyumba hiyo, dada. Umekandika kihenge.

Tope lile lina zebaki. Wachimbaji wakishakung'uta zulia wanachanganya mchanga ule na zebaki kwenye beseni ili ikamate dhahabu, na maji ya beseni yanamwagwa bwawa la kwanza. Mradi ulinitaka niweke sahihi kwamba mwaloni kwangu zebaki haitumiki. Niliweka. Kisha nikaona nikiikataza wachimbaji watahamia mwalo wa jirani, nikawajengea kibanda nyuma, nikageuza uso. Kila mgeni aliyepiga picha matete yangu, kibanda kilikuwa mgongoni kwake.

Maji kuzunguka si kosa. Kijito kimepona kweli, na kambare nimewaona kweli. Lakini zamani zebaki ilienda mbali ikasambaa kwa watu nisiowajua. Nilipoyazungusha maji, yote ikabaki kwangu, inazidi kila wiki, imelala kwenye lile tope. Ndiyo maana sikuuza. Wenye mitambo wangelichakata na kulimwaga upya. Nilisema tope ni la mradi, niliongopa. Mradi hawajui kama lina kitu. Niliogopa kuliandika neno hili kwa sababu ya kopo lako la biskuti. Nilijiona nasomwa mbele ya mwenyekiti.

Usitie mahindi kwenye kihenge hicho. Usikibomoe kikavu kikatoa vumbi. Kifunike. Toa watu karibu nacho.

Na unijibu jambo moja tu: nani alikandika?

Maduhu


Kharumwa,
4 Juni 2024

Maduhu,

Barua yako ni nzuri sana. Ingekuwa mimi sikujui ningelia.

Nianze wapi? Miezi mitano nakuuliza juu ya tope, zebaki haipo. Nimelipata tope, zebaki imeingia. Tena unataka nani alikandika. Ili umjue umpe kitu akuonyeshe sehemu gani ni nene? Sikwambii.

Kwani unadhani sijui kwamba tayari una mtu? Tangu juma lililopita kihenge changu kinabanduliwa. Vipande vidogo vidogo, upande wa nyuma, chini kabisa pale mtu akikaa kwenye kigoda mkono unapofika. Leo nimehesabu sehemu saba. Nimewauliza wote, wote wameapa. Rebeka akaangalia chini. Nimekumbuka siku ya harusi ulikaa naye mkizungumza muda mrefu, na kwao ni Segese, dhahabu wanaijua tangu tumboni. Nikimkamata nitamrudisha kwao na tumbo lake.

Kama una ushahidi wa zebaki, niletee karatasi yenye muhuri. Ya kwako haina muhuri.

Melania


Kharumwa, nyumbani kwa mwenyekiti,
8 Juni 2024

Dada,

Barua yako nimeipata jana saa nne, nimepanda lori la Donatus saa tano. Siji mlangoni kwako nikafukuzwa tena. Nimekaa kwa mwenyekiti, naye ndiye anakuletea karatasi hizi mbili.

Ya kwanza ni nakala ya maelezo niliyotoa ofisi ya madini tarehe 30 Mei. Ina muhuri. Nimeandika habari za kibanda, sahihi ya uongo na viroba vyote arobaini. Mwalo umefungwa tangu siku ile.

Ya pili ni barua yako mwenyewe ya tarehe 10 Machi. Na mimi nina kopo. Soma pale nilipopigia mstari, habari za Rebeka na kona ya jiko.

Hakuna mwizi, dada.

Lori liko tayari, linaweza kumfikisha hospitali Mwanza leo hii. Nakusubiri hapa.

Maduhu


Kharumwa,
30 Juni 2024

Mdogo wangu Maduhu,

Marahaba. Nilipokea shikamoo yako kwa mwenyekiti bila kuitikia, kwa hiyo naitikia leo. Hapa sote tuko, ila nyumba imekuwa kubwa. Masele yuko Mwanza na mkewe kama unavyojua. Enock amefunika kihenge kwa turubai bichi kama ulivyoelekeza, tunalimwagia maji asubuhi na jioni. Kuku wamefungiwa kwa jirani na mahindi yamelala kwa jirani mwingine. Watu wanauliza, na nawajibu. Sijamficha hata mmoja.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa sababu wewe uliandika ya kwako na mimi sijaandika ya kwangu.

Uliuliza nani alikandika. Rebeka ndiye alikandika. Mimi nilimwagiza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namwonyesha palipobaki wazi, yeye mikono yake ndani ya tope mpaka viwiko, siku mbili mfululizo. Nilimwambia tope la Nyarugusu linakaza kuliko la hapa. Sikumwambia kwa nini nimelileta, niliogopa atawaambia ndugu zake wa Segese.

Mwenyekiti aliponipa karatasi zako nilisoma ile ya Machi kwanza. Mwandiko ni wangu, maneno yangu, na kicheko changu kimo humo ndani. Nikakaa chini pale pale mlangoni. Kwa muda nilifikiri niseme tu kwamba anahitaji kupimwa mimba, apande lori aende bila kujua kitu. Ningeweza. Karatasi nilikuwa nazo mkononi na jiko lilikuwa linawaka.

Nikamwita nikampa asome zote. Alisoma taratibu, yako ya zebaki akairudia. Kisha akaniuliza, "Mama, wakati nakandika, ulikuwa unajua hili tope lina kitu?" Nikasema nilijua lina dhahabu. Akaniuliza tena, "Dhahabu tu?" Nikaapa. Akaniangalia, Maduhu, kwa jicho lile lile nililokuangalia nalo mwaka mzima. Nilimwapia kwa jina la mama na bado sikumwona akiamini. Sikujua kwamba jicho hilo linauma namna hii mtu akiwa upande wa kuangaliwa. Nisamehe.

Akanipeleka nyuma ya kihenge, akanionyesha mwenyewe zile sehemu saba na nyingine mbili ambazo sikuziona. Alisema tope hilo lilikuwa na chumvichumvi kidogo, tamu kuliko la jikoni. Alisema alikuwa akila kidogo tu, asije akaniharibia kihenge. Kisha akakunja barua zote, zako na yangu, akazitia kwenye begi lake la kliniki pamoja na kadi. Sikumwomba anirudishie. Kopo la biskuti sasa lina mkataba peke yake.

Masele amepiga juzi. Daktari amechukua damu na mkojo, majibu ya zebaki yanakwenda kupimwa mbali, wanangoja. Mapigo ya moyo wa mtoto wameyasikia. Wamesema yanasikika vizuri, na wamesema pia kwamba mapigo peke yake hayawaambii kila kitu. Rebeka aliombwa aseme na mimi akasema amechoka.

Nasikia wamekuita tena ofisini, na kwamba mradi umeondoa bango lake mwaloni kwako. Nenda ukaseme yote. Yale mabwawa usiyafukie. Siku wakikuruhusu kufungua bila beseni la zebaki, pumba zipo, nitajaza lori mwenyewe. Wale akina mama wa bondeni hawajakosa lolote.

Na wataalamu wakija kuchukua viroba vyako ishirini, waambie kazi haijaisha, wapitie na huku. Nilidai nusu kwa maandishi. Nusu yangu iko hapa, imekandikwa, ina alama tisa za kucha, na sitaki mtu anibebee hata kiroba kimoja kabla sijasimama pale nikakiona.

Nimechaji simu. Masele ana namba yako, nimemwambia jibu likitoka aanze na wewe, maana mimi naogopa kulisikia kwa mwanangu. Ukishalijua, liwe lolote, usiliandike. Piga. Nitapokea.

Dada yako,
Melania